Karo, bayodaijesta, matete au bomba la mji: maji taka ya gesti iliyo karibu na mikoko uyapeleke wapi

Napigiwa simu za aina moja kila mwaka. Mtu kanunua kiwanja pwani, anataka kujenga gesti ya vyumba kumi na mbili hivi na mgahawa mdogo, fundi kamwambia chimba karo yameisha, jamaa mwingine kamwambia siku hizi kuna bayodaijesta, tanki lenye vijidudu wanaokula kinyesi, haijai mpaka unazeeka, alafu afisa mazingira kapita kauliza kibali cha kutiririsha majitaka kiko wapi, sasa mwenye kiwanja kachanganyikiwa hajui aanze na lipi. Nimeona niandike yote sehemu moja, nilinganishe kama ninavyomwelezea mtu tukiwa tumesimama kwenye kiwanja chake. Mimi niko upande wa Tanga kwahiyo mifano mingi ni ya huku, ila nitagusa na Kenya pia maana watu wa Kwale, Kilifi na Mombasa wana bahari hiihii na mikoko hiihii, ofisi tu ndo zinabadilika majina.

Nianze na kilichompata kaka yangu, manake ndo kilichonifanya nianze kufuatilia haya mambo.

Alijenga gesti zaidi ya mita mia kutoka kwenye mikoko, nje kabisa ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu kando ya bahari, mto au ziwa. Kwahiyo kwenye karatasi alikuwa sawa. Karo lilichimbwa mwezi wa kwanza, kaskazi inavuma, udongo mkavu, fundi kashuka mita tatu hakuona hata tone la maji na kila mtu akafurahi. Ikaja masika. Mwezi wa nne mvua zinapiga na siku hiyohiyo bamvua, yale maji makubwa ya bahari, limejaa, chemba ya nyuma ya jikoni ikaanza kurudisha maji juu. Hiyo tungeivumilia, tungeita gari la kunyonya. Lakini asubuhi yake nilishuka mpaka kwenye mikoko, pale kwenye michu, ile mikoko yenye mizizi midogo inayochomoza juu kama penseli zimechomekwa kwenye tope, nikakuta povu la kijivu limeng'ang'ania kwenye mizizi, lina harufu ya sabuni ya kufulia na ya choo kwa pamoja. Maji ya karo yalikuwa yamepita chini kwa chini mita zote zile. Pale ndipo kinamama wa kijijini wanapookota tondo, wale konokono wa mikoko, maji yakitoka. Mmoja wao aliniuliza tu, hiki ni nini? Sikuwa na la kumjibu.

Kwahiyo kabla hujaniuliza bei ya kitu chochote naomba uchukue jembe. Chimba shimo la majaribio pale unapotaka kuweka karo, usichimbe kiangazi, au kama umechimba kiangazi liache wazi (lizungushie uzio watoto wasitumbukie) mpaka masika, alafu nenda uliangalie siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo bamvua likiwa limejaa. Maji ya chini yatakuwa yamepanda mpaka mahali fulani, weka alama hapo. Kutoka kwenye alama hiyo mpaka kitako cha shimo lako la kunyonya (lile linalopokea maji ya karo na kuyanywesha ardhini) inatakiwa kuwe na angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu, ikifika mbili ni vizuri zaidi. Udongo ndo unaosafisha, shimo lenyewe halisafishi kitu. Kama maji ya chini yanaligusa shimo hapo huna karo, una bomba la siri linaloenda baharini.

Na pima pia udongo unavyokunywa. Mwaga maji kwenye shimo dogo, liache lilowe vizuri, jaza tena alafu hesabu yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Udongo wa mfinyanzi hautakunywa, utafurika. Mchanga mtupu au jiwe la matumbawe litakunywa kwa kasi mno, kiasi kwamba hakuna kinachosafishwa njiani. Watu wa Unguja na Pemba, hasa huko kwenye maweni, hili linawahusu sana, jiwe limejaa matundu na visima vya maji ya kunywa viko pembeni tu.

Sasa hesabu kidogo, msichoke maana bila hizi namba kila muuzaji atakudanganya.

Vyumba 12, watu 24 vikijaa, kila mtu tumpe lita 120 kwa siku, hiyo ni karibu lita 2,900, tuseme mita za ujazo 3 kwa siku. Hayo maji yakitoka chooni na jikoni yana uchafu unaopimwa kwa kitu kinaitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watahitaji ili wale ule uchafu. Ukimwaga maji yenye BOD kubwa kwenye mkono wa bahari, oksijeni inaisha na kamba wachanga na samaki wanaokulia kwenye mikoko wanakosa pumzi. Maji taka ya nyumbani ya kwetu, ambapo hatutumii maji mengi, kuyakuta na BOD ya miligramu 400 kwa lita ni kawaida kabisa. Tanzania kiwango cha kumwaga kwenye mazingira ni 30, kwa kanuni za ubora wa maji za 2007. Kenya, kanuni za 2006 ziliweka 30 hiyohiyo. Shika hizo namba mbili, 400 na 30, manake kila ninachokilinganisha hapa chini swali ni hilo tu, kinakutoa kwenye 400 kukufikisha wapi.

KARO LA KAWAIDA

Hapa namaanisha karo la vyumba viwili likifuatiwa na shimo la kunyonya. Sio lile shimo moja lililojengwa kwa tofali za kupishana lisilo na sakafu, hilo tusilihesabu.

Karo lililojengwa vizuri linatuliza maji siku moja mbili, kinyesi kinazama, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka. BOD inapungua kama theluthi, ikizidi sana nusu. Kwahiyo 400 yako imekuwa 250 hivi, kwa bahati nzuri 200. Bado uko mbali na 30 na kazi yote iliyobaki umeiachia ardhi. Kama una ule udongo mzuri, maji ya chini yako mbali, kisima cha karibu kiko zaidi ya mita 30 (bwana afya atakuuliza hilo), basi karo linatosha na sitaki kumtia mtu gharama za bure. Nyumba nyingi za Muheza, Korogwe, au huku kwetu ukipanda mlimani kidogo, karo ni jibu sahihi. Ujenzi ni rahisi, kila fundi analijua, haliombi umeme wala bwana shamba.

Shida ni kwamba watu wanalihamisha karo la Muheza wanalipeleka kwenye mchanga wa ufukweni wakidhani ni kitu kilekile.

BAYODAIJESTA

Hii imeenea sana Kenya, na huku kwetu inakuja kwa kasi. Wanaiuza kwa maneno matamu, haijai, haihitaji gari, haina harufu, inachukua sehemu ndogo. Yapo ya kweli ndani yake. Vijidudu wanakula ule uchafu mzito vizuri kuliko karo lililojengwa ovyo, na tope linajaa polepole. Ila kutojaa kabisa sikubali, kuna vitu haviliki, mchanga, pedi, nywele, pamba, hivyo siku moja utafungua tu.

Ninalotaka ulisikie zaidi ni kuhusu maji yanayotoka upande wa pili. Yanatoka yakiwa angavu kidogo, mteja anaonyeshwa kwenye glasi anafurahi, lakini nitrojeni na fosforasi zote ziko mlemle na vijidudu vya kinyesi pia viko, hivyo yanahitaji shimo la kunyonya kama karo tu. Ukilazimika kuchimba shimo la kunyonya kwenye udongo uleule uliolishinda karo, umenunua nini? Kwahiyo mimi bayodaijesta naiweka kwenye nafasi ya karo, ni karo zuri zaidi, basi. Ukiiweka, watu wa usafi waambie wasimwage klorini na dawa kali za choo kila siku maana wanawaua wale wafanyakazi wako wa chini. Gesti nyingi zinashindwa hapo, mgeni anataka choo kinukie dawa, siku mbili tatu kinanuka kweli na sio dawa.

Tusichanganye hii na mtambo wa gesi. Kule Hale wilayani Korogwe shamba la mkonge lilijenga mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, na hapo ilikuwa na maana kwasababu mabaki ni mengi mno, ni yale ambayo yangeishia mtoni. Watu 24 hawatoi gesi ya kupikia mgahawa, utachemsha chai.

BOMBA LA MJI

Kama mtandao wa majitaka unapita karibu na wewe, unganisha, usifikirie mara mbili. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Ukimwaga kwenye mazingira wewe ndo mwenye mzigo wa ile 30, ukiingiza kwenye bomba mzigo unahamia kwa mamlaka ya maji, na wewe unabaki na masharti mepesi zaidi. Kwa mfano kanuni za Kenya za 2006 ziliruhusu mpaka BOD 500 kuingia kwenye bomba la umma huku mazingira yakipewa 30, hapo unaona tofauti yenyewe. Unachotakiwa ni kuweka mtego wa mafuta jikoni, na uusafishe kweli, kila wiki, mafuta ya chipsi yakiganda kwenye bomba mtaa mzima unafurika.

Ila tuwe wakweli, bomba sio uchawi. Jiulize linaishia wapi. Yapo yanayoishia kwenye mabwawa ya kutuliza, kama Vingunguti pale Dar au yale makubwa ya Dandora yaliyoko Ruai kwa watu wa Nairobi, ambapo maji yanapita bwawa hadi bwawa kwa siku nyingi, jua na mwani vinafanya kazi bila umeme, na ni teknolojia nzuri sana kwa nchi zetu za joto, inachotaka ni ardhi tu na watu wa kutoa tope. Yapo pia ambayo kwa miaka mingi yamekwenda moja kwa moja baharini, bomba la katikati ya mji wa Dar ni mfano ambao kila anayefuatilia anaujua. Wewe kama mwenye gesti hapo huna la kufanya zaidi ya kupiga kelele kwenye vikao, lakini angalau uchafu uko sehemu moja inayoweza kujengewa mtambo siku moja, kuliko kutawanyika kwenye karo elfu.

Kwa bahati mbaya viwanja vingi vinavyouzwa sasahivi huko fukweni havina bomba hata kilomita tano, kwahiyo tuendelee.

TANKI LILILOZIBWA NA GARI LA KUNYONYA

Wengine wanasema najenga tanki halipitishi kitu, gari linakuja linanyonya, ekzosta kama wanavyoita Kenya, simchafui mtu. Rudi kwenye hesabu: mita za ujazo 3 kwa siku, gari la lita 10,000 litakuja kila siku ya tatu vyumba vikiwa vimejaa. Piga mahesabu mwenyewe kwa bei ya kwenu, kwa mwezi ni safari kumi. Nimeona watu wanaanza hivi kwa nia njema, baada ya miezi mitatu wanatoboa tanki pembeni usiku. Hii naikubali kwa kambi ya muda, kwa ujenzi, kwa sherehe. Na ukiitumia omba risiti ya bwawa lilikomwagwa, kwasababu dereva akimwaga kichakani kile kinyesi bado ni cha kwako.

MATETE

Hapa ndo nitakaa kidogo, maana ndo ninayoipendekeza kwa viwanja vingi vilivyo karibu na mikoko na ndo watu hawaijui.

Wataalamu wanaita ardhi oevu ya kutengenezwa. Ni hivi: baada ya karo la vyumba viwili (karo linabaki, halikwepeki) maji yanaingia kwenye kitanda kilichochimbwa kina cha sentimita 60, chini kimetandikwa karatasi nzito ya plastiki au kimesakafiwa ili kisivuje, kimejazwa kokoto safi, na juu yake yamepandwa matete au mafunjo. Maji yanatembea ndani ya kokoto, hayaonekani juu, ukipita unaona shamba la matete tu, hakuna mbu wa kuzaliana maana hakuna maji wazi. Kwenye kokoto vijidudu wanajishika wanakula uchafu, mizizi inawapa pumzi kidogo na kuchukua sehemu ya nitrojeni.

Ukubwa? Mita za mraba 2 kwa kila mtu ni makadirio mazuri kwa joto letu. Watu 24, hiyo ni kama mita 50 za mraba, yaani 5 kwa 10. Kina sentimita 60, na nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, kwahiyo ndani kunakaa mita za ujazo 12 za maji, na kwa siku zinaingia 3, ina maana kila tone linakaa siku nne ndani. Siku nne hizo ndo siri yenyewe. Kile 250 kilichotoka kwenye karo kinaweza kupungua kwa asilimia 85 mpaka 90 kitanda kikiwa kimepimwa vizuri, hapo unaangukia kwenye 25 mpaka 38. Ndio, unaona, unaweza kuzidi kidogo. Ndo maana nawaambia watu wasipunje ukubwa, ongeza theluthi kama nafasi ipo, na maji yakitoka yamwagilie migomba na minazi badala ya kuyaelekeza mtoni.

Sio kitu cha kufikirika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakitafiti na kujenga hizi kwa miaka mingi, Moshi mamlaka ya maji iliongeza ardhi oevu kwenye mabwawa yake. Nairobi mgahawa wa Carnivore na bustani ya maji ya Splash walijengewa ya kwao mwaka 1994. Mombasa gereza la Shimo la Tewa, ambalo majitaka yake yalikuwa yanaishia mkono wa bahari wa Mtwapa, lilijengewa chini ya WIO-LaB, mradi wa kuzuia uchafu wa nchi kavu usiingie baharini, uliosimamiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Gereza zima bana, wewe na vyumba 12 unaogopa nini.

Ubaya wake nao nausema. Inakula nafasi, kiwanja cha ishirini kwa ishirini itakuwa mbinde. Karo la mbele likijaa tope na usilinyonye, tope linaingia kwenye kokoto na kuziba, na kufukua kokoto zenye kinyesi hakuna kibarua atakayekubali mara mbili. Mafuta ya jikoni pia yanaziba, kwahiyo mtego wa mafuta ni lazima hapa kuliko sehemu zote. Matete yanatakiwa kukatwa angalau mara moja kwa mwaka. Na vijidudu vya magonjwa haviishi vyote, maji hayo usimwagilie mchicha wala kachumbari. Gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko karo peke yake, kokoto na plastiki ndo zinazokula hela, ila ikishakaa haina umeme, haina pampu kama kiwanja kina mteremko.

Kuna na choo cha mboji kisichotumia maji, kisiwa cha Chumbe pale Zanzibar wanavyo kwenye nyumba zao saba za wageni pamoja na vitanda vya mimea kwa maji ya kuogea, na miamba ya matumbawe iliyo mbele yao imehifadhiwa tangu 1994. Kwa lodge ndogo ya wageni wanaoelewa ni bora kuliko vyote hivi. Kwa gesti ya barabarani ambapo mgeni analala usiku mmoja anaondoka alfajiri, sikushauri, hatofuata maelekezo.

SI MIKOKO INASAFISHA YENYEWE?

Naulizwa hili na watu wasomi kabisa. Wamesikia kwamba mikoko inachuja maji, na ni kweli inachuja, tope la mikoko linashika virutubisho, watafiti wamepima hilo hapa Afrika Mashariki, na huko Mombasa mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor pale Mikindani imekuwa ikipokea majitaka ya mitaa kwa miaka. Lakini mti kunywa nitrojeni haimaanishi kipindupindu kimekufa. Chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wanachuja maji kutwa nzima na wanakusanya kila kilichomo, alafu mtu anawala. Na kisheria mikoko sio mali yako hata kama imeota mbele ya kiwanja chako. Tanzania bara ni hifadhi ya misitu ya serikali chini ya TFS, wakala wa misitu, Kenya ilitangazwa msitu wa hifadhi tangu 1932 na iko chini ya KFS, shirika la misitu la huko. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 na wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko inaishika, hela inaingia kwenye maji na shule. Mtu akija kumwaga karo lake juu ya kitu cha namna hiyo anawatolea watu hela mfukoni.

VIBALI, TANZANIA NA KENYA

Tanzania utakutana na milango miwili na watu wengi wanadhani ni mmoja. NEMC, baraza la mazingira, ndo wa cheti cha mazingira, mradi wako utawekwa kwenye kundi kulingana na ukubwa na mahali ulipo na utaambiwa tathmini ya aina gani, na kuwa jirani na mikoko kunakupandisha, usishangae. Alafu kibali cha kutiririsha majitaka kinatoka bodi ya maji ya bonde, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Nchi imegawanywa mabonde tisa, sisi Tanga tuko Bonde la Pangani na makao yake ni Moshi, watu wa Dar, Bagamoyo na Morogoro ni Wami/Ruvu, kusini huko ni Rufiji au Ruvuma na Pwani ya Kusini. Mimi napenda utaratibu huu wa bonde kuliko mipaka ya mkoa. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani milimani, unajaza bwawa la Mabayani tunalokunywa Tanga mjini, alafu unamalizikia kwenye mikoko, kwahiyo ofisi moja inatakiwa iangalie msitu wa juu na choo cha chini. Zanzibar ni sheria nyingine kabisa, ya 2015, na ofisi ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, usiende na karatasi za NEMC ukategemea kupita.

Kenya NEMA, mamlaka ya mazingira, ndo anatoa leseni ya kumwaga majitaka na inahuishwa kila mwaka, na unapima sampuli za maji yako na kupeleka majibu. Ukiunganisha kwenye bomba unaelewana na kampuni ya maji ya kaunti. WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, nao wapo kwa upande wa mito na maji ya chini. Nikilinganisha, Kenya inakubana zaidi kila mwaka kwenye majibu ya maabara, Tanzania inakubana zaidi mwanzoni kabla hujajenga, na zile mita 60 ni kali kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kuchagua sasa, matete yanakurahisishia kote kuwili, kwasababu yana bomba moja la kutokea. Unaweka chupa pale unachukua sampuli. Karo na shimo la kunyonya havina pa kuchukulia sampuli, unaapa tu kwamba kuko salama.

Kwahiyo ukinipigia simu nitakuuliza hivi. Bomba la mji liko karibu? Unganisha. Uko juu, udongo tifutifu, bamvua halifiki kwenye shimo lako la majaribio? Jenga karo zuri, au bayodaijesta kama nafasi ni finyu, weka hela iliyobaki kwenye vitanda vya wageni. Uko chini, mchanga, mikoko unaiona dirishani? Karo na matete, na kama kiwanja hakitoshi matete punguza vyumba. Najua hilo la mwisho linauma, nimeshakatiwa simu kwasababu yake.

Kaka yangu alipunguza viwili. Alifunga lile shimo la kunyonya, akajenga kitanda cha mita 6 kwa 11 upande wa barabarani. Sampuli ya kwanza ilifeli kwasababu matete yalikuwa machanga na mtego wa mafuta ulikuwa haujasafishwa tangu siku ya ufunguzi, ya pili ikapita. Sasahivi ni msimu wa tatu, matete yamemzidi mtu urefu, mwezi wa nane yanakatwa na jirani anakuja na mkokoteni kuyachukua ya kujengea banda la kuku. Juzi bamvua lilipotoka nilishuka tena pale kwenye michu. Tope lilikuwa tope, kaa wanakimbilia mashimoni, na kinamama wawili walikuwa wameinama na ndoo zao.